Kisu cha Ng'ombe wa Harusi

Asubuhi hiyo Dafroza Haule hakungoja chai. Alijitanda khanga juu ya sweta, akatoka nje, akazikanyaga nyasi zilizogandishwa na baridi ya Julai hata zikaalika chini ya viatu vyake, akaenda moja kwa moja kwenye banda lililo nyuma ya nyumba. Humo mlikuwa na tanuri la matofali, feni ya kupulizia makaa, na katikati, juu ya kisiki kilichozikwa ardhini, fuawe la marehemu baba yake, lile pande la chuma la kufulia. Alilipapasa kama mtu ampapasavyo ng'ombe mpole. Chuma kilikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole, naye akatabasamu. Leo angeanza.

Fuawe hilo, kwa haki, halikuwa lake. Baba yao, mhunzi aliyehamia Njombe kutoka Ludewa, alimwachia Ambrosi, mwanawe wa kwanza na kaka yake Dafroza. Lakini Ambrosi alikuwa amekwisha kwenda Makambako kufungua bucha, na tangu aoe hakushika nyundo. Dafroza ndiye aliyebaki. Mchana alichomelea mageti na madirisha ya watu, na jioni alifua majembe na visu vya jikoni kwa raha ya nafsi yake. Kisha Ambrosi akaja na habari kwamba fundi mmoja wa matrela wa Makambako analitaka fuawe, naye amekubali kumpa.

"Kaka, niachie," Dafroza alimwomba.

"Nikuachie la nini? La kupondea karanga?"

"La kufulia."

Ambrosi alicheka, halafu akajizuia, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Haya, sikiliza. Binti yangu Dainess anaolewa. Fua wewe kisu cha ng'ombe. Kikimaliza kazi mbele ya wakwe, fuawe ni lako, wala sitalitaja tena. Kikishindwa, ninakuja kulichukua na gari."

Aliyezaliwa katika ukoo ule hakuhitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Ng'ombe wa harusi hukatwa mbele ya wakwe kwa kisu kimoja tu, tangu shingo hadi mkia, na jiwe la kunolea halikanyagi uwanja huo. Kisu kikipoteza makali kazi ikiwa katikati, wanawake wa upande wa bwana harusi hugonganisha vifuniko vya sufuria na kuimba, na wimbo huo humfuata bibi harusi mpaka jikoni kwake. Kisu cha baba yao kilikuwa kimenolewa miaka na miaka hata kikabaki chembamba kama jani la muhindi. Visu vya dukani, Ambrosi mwenyewe alikiri, huchoka kabla ya kufika pajani.

Ndiyo maana Dafroza alikuwa ametafuta springi ya lori, chuma kilichobeba mizigo ya barabara kuu bila kupinda. Aliikata, akaipasha moto hadi ikawa nyekundu kama nyanya iliyoiva, akaanza kuipiga. Kila nyundo ilipotua, kipande kilinyooka kidogo, kikatanuka kidogo, na moyo wake ukanyooka nacho. Hakuwa amewahi kufua kitu kirefu namna hiyo: kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole, bila kuhesabu mpini. Mumewe, Manase, mkulima wa viazi mwenye maneno mengi kuliko viazi vyake, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mke wangu, hicho ni kisu au ni kasia?"

"Shika koleo, acha kuuliza."

Kisu kilipopata umbo, alikirudisha motoni kwa mara ya mwisho, akakitoa kikiwa kinang'aa, akakitumbukiza katika pipa la maji lililo nje ya banda, kama alivyozoea kufanya kwa majembe. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wa barafu. Mvuke uliruka. Kisha ikasikika sauti ndogo, safi, kama kikombe cha kauri kilichogusana na jiwe.

Manase akasogea. "Sauti hiyo niipende au nisiipende?"

"Usiipende."

Ufa ulikuwa umepita katikati ya bapa, mwembamba kama unywele, tangu kwenye makali hadi mgongoni. Dafroza alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akakigeuzageuza kisu mwangani. Manase alitazamia machozi. Badala yake aliona macho ya mkewe yakianza kuwaka.

"Ni maji," alisema polepole. "Jembe ni nene na ni fupi, linastahimili. Kisu kikubwa, upande mmoja ni mwembamba na upande mwingine ni mnene. Ukikitia kwenye baridi ya Njombe ghafla, upande mmoja unajikunja kabla mwingine haujajua kilichotokea. Kinajipasua chenyewe." Akainuka. "Kinataka kupozwa taratibu. Kinataka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Kwa akina Sila wamechinja nguruwe."

Manase alikwenda kwa jirani yao Sila, akarudi amekumbatia debe la mafuta yaliyoyeyushwa. Alilitua bandani kwa huzuni. "Yote haya yazimishe chuma? Tusikaange hata kipande kimoja cha kiazi?"

"Kisu kikipona, utakaanga gunia."

Siku hiyo nzima walifua kisu cha pili, na cha pili kilitoka kizuri kuliko cha kwanza, kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha kuijua njia. Kesho yake Dafroza aliamka mapema zaidi. Alikoleza makaa, akaingiza kisu, akatazama wekundu ukipanda kutoka ncha hadi shina kama maji yanavyopanda katika kitambaa. Alihisi wepesi mwilini, ule wepesi wa mtoto anayengoja kengele ya kutoka shule.

"Fungua debe," alisema.

Manase akafunua kifuniko, akatia kidole. Kidole hakikuingia. Akagonga kwa kucha.

"Dafroza, haya si mafuta tena. Ni sabuni."

Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba mafuta ya nguruwe yakilala bandani Njombe, mwezi wa Julai, huamka yakiwa jiwe. Kisu kilikuwa tayari kimeiva motoni. Kukiacha hapo ni kukiunguza; kukirudisha kwenye pipa ni kuisikia tena ile sauti ya kikombe. Dafroza hakufikiri kwa muda mrefu. Alikivuta kisu hadi ukingoni mwa makaa, akazima feni, akatupa kichwa cha shoka kuukuu katika kitovu cha moto.

"Tulipashe debe juu ya jiko?" Manase aliuliza.

"Litashika moto, tuungue sisi na banda. Subiri."

Kichwa cha shoka kilipokuwa chekundu, alikidaka kwa koleo na kukididimiza katikati ya mafuta. Yalilia, yakatoa povu, yakaanza kulegea kutoka ndani kwenda nje, na harufu ya nyama ya kukaanga ikajaa bandani, ikavuka ua, ikaingia mtaani. Mbwa wa jirani akaja na kukaa mlangoni kwa adabu.

"Sasa mtaa mzima unajua tunakula," alisema Manase, "na hatuli."

"Washa feni."

Kisu kikarudi kwenye wekundu wake. Dafroza akakiinua, akakishusha ndani ya mafuta ya uvuguvugu, makali yakitangulia, wima, bila kutetemeka. Ulimi wa moto uliruka hadi kifuani kwake, ukacheza, ukafa. Wote wawili walitega masikio. Walisikia mafuta yakichemka, na mbwa akihema, basi.

Alikitoa, akakipangusa, akachukua tupa na kuipitisha kwenye makali. Tupa iliteleza kama kwenye kioo, isiache hata mkwaruzo. Dafroza alicheka kwa sauti, peke yake, akampa Manase tupa ili naye ajaribu, akamnyang'anya, akajaribu tena.

Kazi ilikuwa bado, kwa maana chuma kigumu namna hiyo huvunjika kama biskuti kikigonga mfupa. Alikisugua upande mmoja hadi ukang'aa, akakilaza mgongo wake juu ya pande la chuma lenye moto ili kilegee kidogo, akapiga magoti kutazama rangi zikitembea. Kwanza ilikuja rangi ya mabua makavu, kisha ya asali. Mgongoni ikaanza kutokea zambarau. Makali yalipofika kwenye asali, akakiondoa. Ndani ya siku mbili kilikuwa na mpini wa mkaratusi mkavu, umeshikwa kwa misumari ya shaba, na makali yaliyonyoa vinyweleo vya mkono wa Manase, ambaye hakuombwa ruhusa.

Siku ya harusi, upepo wa Makambako ulikuwa ukiyapigapiga maturubai nyuma ya nyumba ya Ambrosi. Wakwe walikuwa wametoka Ilembula, nao wenye asili ya Ludewa, hivyo walijua pa kutazama. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye kicheko cha karibu aitwaye Dorosela, alikaa mstari wa mbele akiwa ameshika vifuniko viwili.

"Shemeji," alimwita Ambrosi alipokiona kisu, "hicho ni cha ng'ombe, au unakwenda kufyeka mianzi?"

"Tulia, shemeji. Utasema tukifika pajani."

"Nitaimba tukifika pajani."

Ambrosi akaanza. Shingo iliachia. Kidari kikatoka, mbavu zikafunguka upande huu na upande ule, na kisu kilipogonga mfupa kilitoa mlio wa chini, wa kushiba. Dafroza alisimama kando, mikono ameikunja chini ya khanga. Alihesabu kila mkato. Walipofika pajani, Ambrosi akasimama. Akayatazama makali. Vifuniko vya Dorosela vikainuka, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakavuta pumzi ya kuanzia wimbo.

Ambrosi alipitisha kisu mkononi mwake, juu ya kiwiko. Vinyweleo vikaanguka, upepo ukavichukua.

"Njoo," alimwambia dada yake. "Paja hili ni lako."

"Mimi si mchinjaji, kaka."

"Nitakuonyesha kiungo kilipo. Kisu kitajua mengine."

Alimwekea kidole mahali. Dafroza akaingiza ncha, akazungusha, akavuta kuelekea kwake, na paja zima, zito, likaachana na mwili kwa mkato mmoja mrefu, likaangukia mikononi mwa vijana waliolingoja. Baada ya hapo mkia ulikuwa mchezo. Wanawake wa upande wa Ambrosi walipiga vigelegele. Dainess, katika gauni lake jeupe, alichungulia dirishani akiwa amefunika mdomo kwa viganja.

Dorosela aliviweka vifuniko chini, akaja, akakichukua kisu. Alikipima uzito, akakigeuza, akakinusa, asielewe kwa nini kilinukia kidogo kama nguruwe.

"Nani kakifua?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Na huyu," Dafroza alimwelekezea Manase kidevu. "Yeye alishughulika na kuzungumza."

Dorosela akacheka, lakini kisu hakukirudisha. Alimgeukia Ambrosi. "Mwanangu wa mwisho anaolewa Desemba. Utaniazima hiki?"

Ambrosi alikuwa akinawa mikono katika beseni. Alinawa hadi kwenye viwiko, akajifuta taratibu, ndipo akajibu bila kuinua uso.

"Mimi ni muuza nyama, shemeji. Mwulize mwenye fuawe."

Dorosela akamgeukia Dafroza na kufungua kinywa. Dafroza alikuwa tayari ameanza kumpima kwa macho urefu wa mkono wake, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole, kwa ajili ya kisu kingine.