Afande Hachimbi Kaburi

Afande alikata roho asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto, na wazo la kwanza lililomjia mkwewe ni kwamba sasa ataweza kulala. Alijionea haya, lakini wazo hakulifukuza. Kwa miezi mingi alikuwa akimgeuza mzee kitandani, akimwosha, akimlisha kijiko kwa kijiko, na katikati ya hayo akikimbilia shambani kupalilia mahindi ambayo mzee, hata akiwa hoi, aliyaulizia kabla ya kuulizia dawa. Mumewe, mtoto pekee wa mzee, alishatangulia zamani. Nyumba ilibaki na watu wawili, na sasa mmoja.

Alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamfunika shuka mpaka kichwani. Kisha akaketi kwenye kigoda na usingizi wote ukamruka. Nani atamchimbia?

Kijiji kizima kilijua kwamba Afande hachimbi kaburi. Jina hilo alipewa aliporudi vitani, ingawa maishani mwake hakuwahi kumwamrisha yeyote zaidi ya ng'ombe wake, na hao nao walimsikiliza wakipenda. Penye msiba alifika wa kwanza. Alileta kuni, alileta gunia la mahindi, alikaa na wafiwa mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini wanaume wakishika majembe na sururu, yeye alishika kofia yake akaenda zake. Angekuwa mgonjwa au mvivu, watu wangemsamehe. Shamba lake lakini lilikuwa safi kuliko yote, na jembe mkononi mwake lilikwenda lenyewe. "Anajiona," walisema. "Mwanajeshi mzima atachafuka na maiti zetu?" Aliyeumia kuliko wote ni seremala, kiongozi wa wachimbaji, kwa sababu hata siku alipomzika mkewe, Afande alichukua kofia yake palepale mbele ya macho yake.

Mkwe alijua sababu, na heri asingeijua. Siku moja homa ilipompanda, mzee alimshika mkono akamweleza. Vitani bunduki hakukaa nayo sana. Wakubwa walipomuuliza kazi yake nyumbani akajibu ni mkulima, wakampa sepetu. Tangu hapo alizika wenzake, shimo moja watu wengi, kutwa kucha, mpaka akawa haoni tena nyuso. Jioni moja alishika miguu ya mtu akaona kiraka cha suruali anachokijua. Alikuwa rafiki yake waliyeondoka naye kijijini, baba mzazi wa seremala. Alimlaza shimoni pamoja na wengine. Jeshi likahama usiku uleule, na mahali penyewe asingeweza kupaonyesha tena.

"Kwa nini hukumwambia mkewe, baba?" aliuliza mkwe.

"Nilikwenda na nia hiyohiyo. Nikamkuta mlangoni anamtukana. Eti kapata mwanamke huko, ndiyo maana harudi. Anatukana na macho yanamng'aa, mwanangu! Nikaona huyu bado ana mume. Nikanyamaza. Na wewe unyamaze."

Mkwe hakuwa na uhakika kama mzee alifanya vema. Seremala alikua akiambiwa kwamba baba yake aliwakimbia, na hilo si jambo dogo. Lakini ahadi alikuwa ameshaitoa.

Alimkuta seremala karakanani kwake, anapiga randa ubao, maranda ya mbao yamemfika vifundoni. Nje ya dirisha mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage.

"Pole sana, shemeji," seremala alisema. "Jeneza nitatengeneza, hiyo ni kazi yangu. Ila kuchimba, usinilaumu. Vijana wataniuliza, yeye alimchimbia nani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lingetoka, majembe yangekuwa shambani kabla ya saa sita. Nje bibi yule alikuwa akiongea na maharage yake: "Na yule mpumbavu wangu akirudi na kimada wake, msimfungulie mpaka niamke!"

Mkwe alilimeza jibu lake.

"Alikuwa na kiburi," alisema.

Randa ilisimama.

"Alijiona, shemeji. Mlisema kweli miaka yote. Nawaomba radhi kwa niaba yake."

"Utayasema hayo mbele ya watu?"

"Nitayasema."

Na aliyasema, uani kwake, wanaume wamesimama wamekunja mikono. Alisema mzee wake alikuwa mtu wa majivuno, asiyejali wenzake, na kila neno lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Walimsikiliza mpaka mwisho. Halafu mmoja akasema basi, marehemu hana kosa, wakaenda kuchukua zana.

Kesho yake walichimba pembeni mwa mahindi. Ardhi ilikuwa ngumu, na kama kawaida ya wachimbaji, utani haukukosekana.

"Afande mjanja! Kazi hii kaikwepa mpaka yeye mwenyewe kawa mteja!"

"Angeiweza wapi? Mikono laini ya mwanajeshi!"

"Asingefika hata magotini," seremala alisema kutoka shimoni, huku akipangusa jasho.

Walicheka, bila ubaya. Mkwe aliwamiminia chai, na ilipomwagikia vidoleni akasema birika lina ufa. Alitamani kupiga kelele mpaka mahindi yalale. Badala yake akauliza nani anaongezewa sukari.

Walipokwisha kumfukia na watu kuanza kutawanyika, bibi alimjia akijikongoja, akamvuta kando.

"Wewe ndiwe uliyekaa naye mpaka mwisho," alisema. "Aliondoka hapa na mume wangu. Miaka yote namuuliza, anaangalia chini. Hakukwambia kitu?"

Mkwe alikuwa amechoka. Alichoka mgongo, alichoka kusema uongo, alichoka hata kuwaza. Alimtazama bibi usoni.

"Aliniambia, mama. Mumeo ana mwanamke huko."

"Si nilisema!" Bibi alipiga makofi. "Si nilisema mimi!" Kisha akamsogelea sikioni. "Mzuri?"

"Hata kidogo, mama. Si mzuri hata kidogo."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kilivunjika katikati kikawa kilio, na hakusema analilia nini. Mkwe, ambaye tangu mzee afe hakuwa ametoa chozi, aliketi kando yake kwenye udongo mbichi akalia naye.