Anande Yupo

Jumamosi hiyo Kaanaeli alikuwa ameketi uani kwake Lemara, ungo magotini, anachambua maharage ya makande, simu ikalia kwenye pindo la kanga. Alikuwa Anande, mwanawe wa pekee, yule ambaye nchi nzima ilimwona kila jioni kwenye tamthilia akiwa mke wa mwanasheria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

"Nimekula, niko Njiro, kwa Ludovick. Ila nashindwa kutoka."

"Umeshiba kiasi hicho?"

"Hapana, mama. Nikitoka getini najikuta ndani."

Kaanaeli alimalizia maharage yaliyobaki kwenye ungo, akayaloweka, akafunga chumba chake cha kupanga na kuita bodaboda.

Mgahawa wa Ludovick ulikuwa na bustani pana ndani ya ukuta mrefu, na sifa yake haikuwa chakula, ingawa mtori wake haukuwa mbaya. Sifa yake ni kwamba ukikaa pale ukala taratibu, unaweza ukamwona mtu mkubwa. Wachezaji wa mpira walipita pale, waimbaji waliokuja mjini kwa tamasha walipita, na waigizaji wakielekea mbugani kupiga picha na twiga. Watu walikuja familia nzima, wakaagiza kuku mmoja, wakamla mchana kutwa huku shingo zimegeukia getini. Kuna siku walibahatika. Kuna siku hakuingia mtu ila mstaafu mmoja wa wilayani na mkewe, nao wateja wakaondoka wakisema kuku alikuwa mkavu.

Kaanaeli alimkuta mwanawe amesimama kwenye sinki la kunawia, jirani na mlango wa jikoni, mikono imelowa.

"Ndiyo nimetoka tena sasa hivi," Anande alisema.

Askari wa geti, Lerionka, baba mzima mwenye wake wawili huko Oldonyo Sambu, alisogea kumsalimia mama mtu. "Anatoka vizuri tu, mama. Mimi namfungulia, namwambia karibu tena, ananiambia asante. Nikigeuka yuko kwenye sinki ananawa."

Walijaribu hata hivyo. Anande alipita mlango wa nyuma, unakopita mkaa na ndizi, akatokea kwenye sinki. Alipanda ngazi ya fundi akashuka upande wa pili wa ukuta, na viatu vyake vikabaki kwenye majani ya barabarani, mwenyewe yuko kwenye sinki peku. Mwisho waliita teksi. Anande akakaa kiti cha nyuma, akafunga mkanda, gari likatoka. Baada ya muda dereva alirudi na mkoba mkononi.

"Dada kausahau kwenye kiti," alisema.

Dada alikuwa anajifuta mikono. Alimshukuru.

Wateja walikuwa wameacha kula. Hawakushangaa sana, walishangilia tu kwamba mtu wao hajaondoka, na mama mmoja akamwomba Anande akisimama tena hapo sinkini ageuke kidogo upande wa mwanga.

Wakati Anande anageuka, Kaanaeli aliangalia ukuta. Kwa ndani, kuuzunguka wote mpaka kwenye nguzo za geti, palikuwa pamepandwa masale, yale majani marefu ambayo kule mlimani kila mtu huyapanda mpakani mwa shamba lake, ili jirani ajue pa kukomea jembe. Alisogea karibu. Sale moja lilikuwa limepinda shingo kama bibi anayesinzia kanisani. Kaanaeli alilijua. Ng'ombe wake mwenyewe ndiye aliyeliegemea mpaka likakua hivyo. Lile nene la pembeni yake alilipanda baba mkwe, na chini ya hilo nene ndipo mama mkwe alipokizika kitovu cha Anande siku kilipodondoka. Aliinama akachokonoa kwa kidole. Udongo ulikuwa mweusi, wa shamba lao la Akheri kule mlimani, haukuwa huu wa Njiro wenye vumbi.

"Anande," aliita. "Njoo uone. Uko nyumbani."

Habari ya shamba lile ilikuwa fupi. Emmanuel, mumewe Kaanaeli, alipofariki, wazee wa ukoo walikaa chini ya paa la mabati la mdogo wake marehemu, Gadiel, wakanywa chai na maandazi, wakasema Anande ni mtoto mzuri na mwenye adabu, lakini mtoto wa kike ni wa kwenda kwa watu. Shamba likarudi kwa Gadiel. Gadiel akaliuza kwa tajiri mmoja, tajiri akazungusha ukuta wa tofali na nyaya za umeme juu yake, na kwa kuwa ukuta umesimama, masale hayakuwa na kazi tena, yakang'olewa pamoja na udongo wake. Kaanaeli akashuka mjini na sufuria zake.

Ludovick alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mtu wa Kibosho, na mtu wa Kibosho haambiwi sale ni nini.

"Shikamoo mama. Usinifikirie vibaya. Niliyakuta yamelundikwa kwenye lori, yanapelekwa kutupwa. Nikaona aibu masale ya watu yakauke njiani. Nikayanunua."

"Marahaba. Na ukayapanda yakafunga duara."

"Nikayapanda yakafunga duara," Ludovick alikubali. "Hiyo ilikuwa mikono yangu tu. Nimezoea kuyapanda hivyo."

"Yang'oe basi, mtoto atoke."

"Niyapeleke wapi, mama? Sale la mpaka linarudi mpakani. Nimpigie yule tajiri?"

Alimpigia, simu ikiwa wazi ili wote wasikie. Tajiri alisema ana kamera na mbwa, hahitaji majani. Ludovick aliahidi basi kuyakata. Aliingia ndani, akatoka na panga, akasimama mbele ya lile sale nene, kisha akamkabidhi Lerionka panga. Lerionka alilirudisha stoo bila kuuliza. Hakuna mtu aliyelaumiwa, maana sale la mpaka halikatwi. Kaanaeli mwenyewe, kama angepewa panga lile, angelirudisha stoo.

Basi Anande akabaki. Ludovick alimpa chumba kilichokuwa cha kuhifadhi viti vya harusi, akaweka kitanda na kioo, wala hakumdai chakula. Wiki iliyofuata palining'inizwa bango getini: ANANDE YUPO. Watu walikuja kutoka Moshi na Babati. Hawakuhitaji tena kumla kuku mmoja mchana kutwa. Waliingia, wakamwona, wakaagiza, na kuku hakuwa mkavu tena.

Watu wa tamthilia walisubiri, kisha wakamwandikia ugonjwa, kisha kifo. Alikufa jioni ya Alhamisi, kwenye televisheni kubwa ya mgahawani, huku mwenyewe ameketi meza ya tatu kutoka dirishani anakula chipsi. Wateja walilia. Mama mmoja wa Sakina alikuja mpaka mezani kumpa pole, akamshika mkono, akasema, "Ulikuwa mke mvumilivu." Anande akamshukuru.

Lakini Kaanaeli alikuwa anamwona anavyokonda. Alikuja kila mchana na makande ndani ya hotipoti, na kila mchana alimkuta Anande amekaa ameupa mgongo mlango, maana akiuelekea watu humpiga picha za uso. Alikuwa akipima bustani kwa macho. Alijua sasa kila sale lina majani mangapi yaliyokauka.

"Mama, wewe unapitaje?" aliuliza siku moja.

"Mimi niliolewa pale. Sikuzaliwa. Masale hayanijui."

"Mimi yakanijua."

"Wewe ndiyo."

"Mbona wazee hawakunijua?"

Kaanaeli alifunika hotipoti. Jioni ile alimpigia Gadiel.

Gadiel alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa suti na kiatu cha kung'aa. Alikuwa hajaonana na shemeji yake tangu siku ya sufuria. Getini alisoma bango kwanza, kisha akaingia, akatembea moja kwa moja hadi ukutani, akachuma jani la sale, akalifunga fundo. Kwake hakikubaki hata kichipukizi, ndiyo maana alichuma pale pale. Alikuja nalo mbele ya Kaanaeli, akainama, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mama Anande, nimekukosea."

Mgahawa ulikuwa umejaa. Simu zilikuwa zimeinuliwa. Pale penye meza ile hapakuwa na mtu wa mlimani asiyejua kwamba sale likiletwa kuomba radhi halikataliwi. Mtu aliyeuliwa ng'ombe hulipokea. Aliyeuliwa ndugu hulipokea. Kaanaeli aliliangalia jani la baba mkwe wake mkononi mwa Gadiel, akaona hakuna mahali pengine pa kuweka mikono yake, akalipokea.

"Nimekusamehe, shemeji."

Watu wakapiga makofi. Anande aliinuka, akavaa mkoba begani, akatembea hadi getini. Lerionka akamfungulia, akamwambia karibu tena. Wakasikia maji ya sinki yanamwagika.

Gadiel alikuwa ameshavuta kiti. "Basi mimi limekwisha upande wangu," alisema. "Mengine siyawezi."

"Kumega kipande huwezi?" Kaanaeli alimuuliza. "Pa kutandika jamvi tu. Uyapeleke masale pale, mtoto atoke."

"Nimege nini, shemeji? Kiliisha. Hata pale ninapolala ni kwa mwanangu." Aliagiza ndizi na nyama ya mbuzi, na Ludovick akamletea, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Anande alirudi mezani na mikono yake iliyolowa. "Baba mdogo," alisema, "wewe nawe ulizaliwa mle mle. Kitovu chako kiko pale kwa sale la tatu. Utatokaje?"

Gadiel aliacha kutafuna. Hilo alikuwa hajaliwaza. Alimaliza sahani yake, akainuka, akaenda getini anajivuta kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Meza zote zilimfuata kwa macho. Lerionka alifungua. Gadiel alipita. Alisimama barabarani, akajipapasa kifua, akapiga miguu chini kuhakikisha ni barabara, kisha akarudi hadi mlangoni, kichwa tu ndani.

"Nimetoka," alisema.

"Tumeona," Lerionka alisema.

"Ni kwa sababu niliuza. Mtu akishauza, hayamjui." Uso wake ulifurahi kweli, na neno lilimtoka kwa mapenzi ya baba mdogo: "Na wewe uza, Anande, utatoka."

"Niuze nini, baba mdogo?"

Gadiel alifikiri. Ilionekana anafikiri kwa nia njema. Mtu kuuza alichopewa ni jambo jepesi, na hata hapo mgahawani pangepatikana mnunuzi. Lakini Anande hakuwahi kupewa kitu. Wazee wangekaa tena? Wazee wangekaa, wangekunywa chai, wangesema mtoto wa kike ni wa kwenda kwa watu. Gadiel alitikisa kichwa polepole. Akaomba wapige picha moja, yeye na mtoto wa kaka yake, kwa ajili ya wajukuu, naye akajitahidi kuegemea ndani bila kuvuka nguzo. Picha ilitoka nzuri. Akaenda zake.

Watu walipopungua, Ludovick alipitapita na kitambaa akifuta meza ambazo zilikuwa zimeshafutwa. Alisema kama Anande anataka, bango ataliondoa. Anande akamwambia aliache, wasije watu wakadhani amekufa kweli. Ludovick akaitikia, akaenda kuzima televisheni.

Mama na mwana walibaki mezani na chai yao. Mlima ulikuwa umefunuka juu ya ukuta, umetulia hivyo, na mashamba ya huko chini ya msitu hayakuonekana kutoka pale.

"Kitendawili," Kaanaeli alisema.

Anande alimtazama. Hawakuwa wametegeana tangu akiwa mdogo, anaogopa giza, umeme haujafika. "Tega."

"Anahama kila siku, wala hajawahi kutoka nyumbani."

Alikuwa konokono. Anande alimjua konokono huyo kabla hajang'oka meno ya utoto. Alizungusha kikombe chake.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Nakupa Akheri."

Kaanaeli alifungua kinywa kuanza safari, kama alivyozoea, kwanza njia, kisha mto, kisha migomba. Akakifunga.

"Huo siwezi kwenda. Umeshauzwa. Nipe mwingine."

Anande alifikiri miji. Aliwahi kufika mingi, na zamani angempa Dar es Salaam bila kujiuliza, au Nairobi. Sasa alitafuta mmoja ulio wake wa kutoa.

"Basi nakupa Njiro."

"Ahsante," Kaanaeli alisema, akaupokea. "Nimekwenda Njiro, nimepokewa vizuri, nimekula ndizi, nimekunywa chai. Jioni imeingia nikaaga, na mwenye nyumba akanisindikiza."

Akakusanya hotipoti na vijiko, akavifunga kwenye kanga. Anande akampokea mzigo, akauweka begani, akamsindikiza mpaka getini.