Mashine Iliyozimwa Sauti

Tangu macho ya Kaka yaanze kufifia, mashine ya kubalansi tairi ndiyo iliyokuwa inamsitiri. Namba za gramu za uzito unaohitajika alizisoma kwa kusogeza uso hadi kwenye kioo, akijifanya anafuta vumbi. Taa ya kuonyesha mahali pa kupachika risasi, vile vipande vya kusawazisha gurudumu, hakuiona kabisa, lakini hapo hapakuhitaji macho: alizungusha gurudumu polepole kwa mkono, mashine ikalia "tii" linapofika sawasawa, naye akagonga risasi ukingoni mwa rimu. Wateja walimsifu, na kila asubuhi alitoka nyumbani kifua mbele.

Mwenye gereji alikuwa mdogo wake. Kaka ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui hata kushika spana, ila huyo bwana na shukrani walikuwa mbalimbali. Nafasi ya kwenye mashine alitaka kumpa shemeji yake. Kumwambia Kaka ana kwa ana alishindwa, maana watu wangemsema. Basi akamchunguza, akaijua siri yake, na roho ikamtulia.

Siku hiyo akaja mama mmoja mwenye teksi, kanunua tairi nne mpya. Mdogo mtu akapita nyuma ya mashine, akazima sauti, kisha akaita kwa maneno matamu: "Kaka, huyu mama mfanyie mwenyewe. Na nyie mafundi njooni, mjifunze kwa bingwa!"

Wakamzunguka. Kaka akafunga gurudumu la kwanza, akaiwasha mashine, akafuta vumbi lake la uongo, akasoma gramu. Akaanza kuzungusha kwa mkono, ametega sikio. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Alijua palepale nani kamfanyia, na ikamuuma kuliko hayo macho yenyewe.

"Mbona unalipapasa tu, Kaka? Taa si hiyo inawaka!" mdogo wake akasema kwa sauti.

Mafundi wakaangua kicheko. Akapachika risasi kwa kubahatisha, akaiwasha mashine, namba ikapanda badala ya kushuka. Akabandua, akapachika pengine. Ikapanda zaidi.

"Samahani, baba," mama akasema taratibu, "gari yangu inabeba watu. Naomba afanye mwingine."

Kaka akavua glavu. Alitamani kumtaja mdogo wake mbele ya wote, lakini angeanzaje bila kuyataja macho yake?

Mdogo wake akamshika bega. "Usijali, Kaka. Wewe ni damu yangu, sikufukuzi. Kuanzia leo utakaa getini, ukiona gari inakuja unaielekeza iingie."

"Nitaziona vipi mimi?" Ulimi ulimteleza. Mafundi wote wakamtazama.

"Utazisikia," akajibu mdogo wake, huku akiwasha tena sauti ya mashine.