Bibi wa Kwenye Mkokoteni

Haki ya Mungu picha yenyewe ilikuwa inachekesha, na Regina alikuwa wa kwanza kucheka. Kauboi alijirusha kishujaa ampande farasi, farasi akasogea hatua moja, bwana mkubwa akajibwaga ndani ya pipa la maji. Sherifu akachomoa bastola, suruali ikashuka nayo. Mlango wa baa ulimpiga jambazi usoni alipoingia, ukamzaba kisogoni alipogeuka kuutukana. Ilikuwa Jumamosi mchana, na banda la video la Hamdani pale Mwanga lilijaa hadi watu wakakalia kreti za soda.

Kiingereza cha picha hakuna aliyekijali. Kando ya televisheni aliketi Nickson na kipaza sauti chake, kijana ambaye Hamdani alimtoa Dar es Salaam miezi miwili iliyopita, akimpa kila mtu wa kwenye picha maneno ya Kiswahili na sauti ya kwake. Sherifu alimfanya bwana afya. "Nani hapa hana choo? Ajitokeze mwenyewe kabla sijamfuata." Martini, mume wa Regina, fundi mitumbwi wa Bangwe, alicheka hadi akawa anapiga mapaja ya jirani yake.

Kisha jambazi mkuu akatuma habari kwamba anakuja, na mji mzima ukaanza kukimbia. Mikokoteni ya farasi ilipita imebeba vitanda, kuku na saa za ukutani. Juu ya mkokoteni wa mwisho alikaa bibi kizee amekumbatia sufuria. Gurudumu likagonga jiwe, bibi akaanguka kwa makalio. Akapanda. Akaanguka tena.

"Wakimbizi hao, Warundi wanakuja," Nickson akatangaza, kisha akabana pua na kumpa bibi sauti. "Yoo, bana banje, wanangu, mnaniacha? Maharage ya bure nitayala wapi?"

Banda likapasuka kwa kicheko. Regina hakucheka. Maharage ya bure. Hebu mtu amwambie, ni nani aliyewahi kuiacha migomba yake na ng'ombe wake, akavuka mto na mtoto mgongoni, kwa uchu wa maharage?

Mtoto huyo wa mgongoni alikuwa yeye. Alivuka mwaka sabini na mbili, ana miaka minne. Alikulia huku, akaolewa huku, akazaa watatu, na Kiha chake, lugha ya Waha wa huku iliyo pacha wa Kirundi, hakuna aliyewahi kukitilia shaka. Lakini mwaka huu amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi wote waende kambini, hata waliokwisha kuota mvi mjini, na malori yalikuwa yakipita mtaa kwa mtaa. Aliyeandika majina ya wakimbizi wa mtaa wao ni Oswald, mgambo, ambaye sasa hivi alikaa benchi la mbele bila kiingilio, kofia gotini. "Ukiulizwa, wewe Muha wa Kasulu," Martini alimfundisha. "Usiongeze neno."

Bibi akaanguka mara ya tatu. Martini naye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na hilo ndilo lililomwinua Regina.

"Simamisha deki," alisema.

Nickson aliisimamisha kwa mshangao tu. Bibi akabaki hewani, miguu juu, mistari ya kaseti ikimtetemeka usoni. "Mama, hii ni komedi."

"Komedi naijua, nilikuwa nacheka. Ila hao uliowaigiza si Warundi. Warundi hujawahi kuwasikia. Wewe ukitoka humu unakwenda sokoni, basi. Hiyo sauti umeiokota kwa akina mama wanaouza dagaa hapo nje. Ndiyo sauti ya mama zao hawa wanaokuchekea."

Kicheko kikakatika. Kila mmoja aliisikia upya ile sauti ya puani, na kila mmoja aliitambua ni ya jikoni kwao. Mzee mmoja alikohoa akatazama miguu yake. Kosa lilikuwa la Nickson, lakini aibu ilikuwa ya banda zima, na Regina aliona inawastahili.

Ndipo Oswald akamgeukia Regina polepole. "Mama Joanitha. Na wewe Warundi wanavyosema umejuaje?"

Jibu alikuwa nalo: tunauziana nao sokoni. Alikwisha kulitumia mara mbili na lilipita. Martini, ambaye sasa hakuwa na kicheko hata kidogo, alimvuta pindo la kitenge ili akae. Regina alimtazama yule bibi wa kwenye kioo aliyeachwa hewani na sufuria yake.

"Kwa sababu bibi yangu alianguka hivyo hivyo, mtoni Malagarasi, akiwa amenibeba," alisema. "Alianguka mara nyingi kuliko huyu. Na alipofika ng'ambo hakuomba maharage. Aliomba jembe."

Oswald alitoa daftari mfukoni. Hakumtazama tena Regina. Alimtazama mumewe, kama wafanyavyo wanaume wakitaka jambo liishe. "Bwana Martini, mkeo ni Mrundi?"

Martini alisimama. Midomo yake ilikwisha kuanza kusema Kasulu, Regina aliiona. Kisha akafuta machozi yale ya kicheko kwa kiganja, akaushika mkono wa mkewe mbele ya watu wote.

"Ndiyo," alisema. "Mimi, yeye na watoto watatu. Andika watano."