Kiwiko Changu na Shamba la Esnah

Mimi Mong'ina sipendi kuzungukazunguka. Kiwiko changu cha kulia kilianza kuuma Jumanne, tukichuma chai kwa Esnah, basi Esnah ndiye aliyekiumiza. Hesabu ndogo hivyo inahitaji chuo kikuu?

Hapa Gesima risaga yetu ni wanawake sita: leo tunachumia huyu, kesho yule. Zamu ilipokaribia kumrudia Esnah, nikawaambia wenzangu shamba lile lina nuksi. Sikupiga kelele. Nilisema mara moja tu, kanisani, kwaya ikiwa imenyamaza. Siku yake hakuna aliyekwenda. Majani yakakomaa, karani wa kituo cha kununulia chai akayakataa, na Esnah akaanza kupita mlangoni kwangu bila salamu. Miaka ishirini na miwili tumeombana chumvi! Iliniuma kuliko kiwiko, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Chumvi ya moto, mafuta, maombi: kiwiko kikakataa. Nikaenda kliniki, Nyamira. Daktari Joyline, msichana wa juzi tu, akakibonyeza nikaruka.

"Mama, ni kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa," akasema. "Likichoshwa na kazi ileile miaka mingi, seli zake hutoa kemikali za kupashana habari. Hizo huita mishipa ya damu na neva mahali zisipotakiwa, nyuzi zinavurugika, maumivu yanabaki."

"Kemikali zenyewe zimetoka wapi?"

"Humo humo. Kano linazitengeneza lenyewe."

"Hakuna mtu aliyezituma?"

"Hakuna, mama."

Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Akanipa zoezi: nishike chupa ya maji, niishushe polepole, kila siku, miezi mitatu. Ala! Hata mtu wa kulaumu nimekosa.

Jumanne nikabeba kikapu, nikaingia shambani kwa Esnah bila kualikwa, nikachuma kwa mkono wa kushoto. Nilichuma vibaya sana, mbuzi angenishinda. Esnah akaja, akasimama.

"Daktari amesemaje?"

"Amesema mkono umejiumiza wenyewe. Hakuna aliyeutuma."

Akachukua kikapu, akamwaga majani niliyoharibu, akanirudishia.

"Na mdomo?" akauliza. "Huo ulitumwa na nani?"

Nililia palepale, katikati ya chai, mtu mzima na wajukuu wake.

Jumapili nikaomba kwaya inyamaze tena.