Mwalimu wa Magoti ya Wuryani

Siku goti lilipomsaliti, Wuryani alikuwa katikati ya ukumbi wa kasri, amechuchumaa, sinia ya chai mikononi. Ndivyo watumishi wa kasri lile wanavyopita mbele ya wakubwa: hawasimami, wanajongea kwa kuchuchumaa, batiki imewabana miguu, uso umetulia utadhani hakuna kazi inayofanyika. Goti likagoma. Vikombe vikateleza, na mama mtu mzima akainuliwa kwapani na wanaume wawili mbele ya wageni.

Gusti, kama kila mtu alivyomwita bibi mwenye kasri, hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema kwa upole, "Pumzika, Wuryani. Mwezi wa Sura, Menik ndiye atakayebeba maji ya maua, ee?"

"Naam, Gusti," Wuryani akajibu, kisha akaenda kulia jikoni, nyuma ya magunia ya mchele.

Mjini Solo, kisiwani Java, hufukuzwi kazi, unaambiwa upumzike. Menik alikuwa mpwa wake mwenyewe, msichana mwema asiye na makuu, lakini maji yale ya kuoshea majambia ya ukoo kila Sura, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kijava, aliyabeba mama yake Wuryani, na baada ya mama akayabeba yeye. Kazi nyingine zote wangeweza kumpokonya, lakini si hiyo. Daktari alikuwa amelitazama goti na kusema misuli imelegea, atafute mtu wa kumfundisha mazoezi. Basi atamtafuta, yeye ambaye maisha yake yote hajavaa raba.

Wa kwanza alimpata upesi mno. Bondan, wa jimu ya ghorofa ya juu kwenye jengo la maduka, kifua kama kabati la nguo, picha zake ukuta mzima. Alimpima uzito, hakumuuliza kingine. Alimchuchumaza na vyuma mabegani huku akijitazama kwenye kioo. "Twende, Mama! Uko sawa?"

"Naam."

"Tuongeze?"

"Naam."

Wakaongeza. Haukupita muda goti likavimba kama papai, na Menik akawa anamkanda kwa tangawizi.

"Shangazi, ulimwambia linauma?"

"Aliniuliza kama niko sawa. Nikasema naam."

"Na ulikuwa sawa?"

"Sikuwa sawa hata kidogo!"

"Sasa yeye angejuaje?"

"Angeona mwenyewe! Mtu mzima mzima hana macho?"

Menik akainama kuficha kicheko. Wuryani aliona, akanuna, lakini hakukata tamaa. Alijiambia amekosea kuchagua, basi. Batiki hakuwahi kuinunua kwa kutazama upande wa mbele tu: aliigeuza, kwa kuwa iliyochorwa kwa mkono rangi yake hupenya hadi nyuma, na ya kiwandani nyuma yake ni hafifu. Mbona mwalimu alimnunua kwa picha za ukutani?

Akaanza kuwageuza walimu. Alikwenda jimu moja baada ya nyingine, akaomba kukaa pembeni na chupa yake ya chai, akatazama kitu kimoja tu: mwanafunzi akichoka, macho ya mwalimu yako wapi? Mmoja yalikuwa kwenye simu. Mwingine yalikuwa kwa msichana wa mapokezi. Wengi yalikuwa kwenye kioo. Nyuma ya gereji ya pikipiki, kwenye chumba chenye mikeka na vyuma vya kutu, alimkuta mwanamke mfupi, mnene, sauti kama ya kondakta, ambaye macho yake hayakubanduka miguuni pa mzee aliyekuwa akimfundisha. Jina lake Rotua, Mbataki wa Medan, kisiwa cha Sumatra, na Wabataki, kila mtu Solo anajua, hawana breki mdomoni.

"Unataka nini, Inang?" Rotua aliuliza. Ndivyo kwao wanavyomwita mama. "Usiniambie kupungua. Unataka kufanya nini ambacho huwezi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wuryani alieleza. Rotua akauliza daktari alisemaje, goti liliumia lini, analalia ubavu upi, kisha akampa sinia. "Nionyeshe."

Wuryani akachuchumaa, akajongea, akageuka ukutani, akarudi, uso shwari kabisa.

"Linauma?"

"Kidogo tu. Si kitu."

Rotua akampokonya sinia. "Nenda nyumbani."

"Nimekosa nini?"

"Una jasho juu ya mdomo na unaniambia si kitu. Mimi si mpiga ramli, Inang. Ukinidanganya nitakuvunja, kisha utanishukuru kwa adabu. Mwanafunzi asiyejua kusema hapana mimi simchukui."

Tangu azaliwe, Wuryani hakuwahi kusemeshwa hivyo. Alitoka hasira zimempanda, akapita mafundi wa gereji bila kuwasalimu, akafika barabarani. Pale akasimama. Yule wa kifua cha kabati angeendelea kumchukua mpaka alemae. Huyu amemkataa. Akarudi.

"Linauma," alisema. "Kwa ndani. Nikigeuka. Linauma sana."

"Ahaa!" Rotua akapiga makofi. "Sasa vua viatu."

Mazoezi yalikuwa ya makalio, ya mapaja, ya vifundo vya miguu ambavyo Wuryani hakujua vina kazi. Alipanda ngazi na kushuka kama mtoto anayejifunza, na sinia ya maji mikononi. Alijikaza kisabuni. Na kila siku, bila kutangaza, Rotua alimtegea: chuma kimoja cha ziada, ngazi moja zaidi, na kumkodolea macho aone kama atakataa. Mara ya kwanza Wuryani alisema "hapana" kwa sauti ndogo hata Rotua akajifanya kiziwi. Wiki zikaenda. Asubuhi moja aliipaza mpaka mafundi wa gereji wakashangilia, na yeye akaona aibu, kisha akacheka hadi akakaa chini.

Mwezi wa Sura ulipokaribia, Rotua alimwambia kweli yote. "Utaubeba mzigo wako hadi mwisho wa ukumbi. Lakini kukaa mkekani sherehe nzima, hapana, goti hilo halitaki. Utaomba kigoda."

"Kuomba? Kwa Gusti?"

"Kwa Gusti. Hilo ndilo zoezi la mwisho, na mimi sitakuwepo."

Asubuhi ya kuosha majambia, ukoo wote ulikuwa umekaa mkekani, Gusti mbele, miguu ameikunja kama wengine. Wuryani alitangulia mlangoni kabla ya Menik, akachuchumaa, akalichukua bakuli la maji ya maua. Menik akampisha huku akitabasamu. Gusti akainua macho.

"Wuryani," alisema kwa upole uleule. "Umeshachoka. Mwachie mtoto, ee?"

Ukumbi ulisubiri ile naam. Hata Wuryani aliisikia ikipanda kooni, imezoea njia. Mapaja yake yalikuwa imara. Maji ndani ya bakuli hayakutikisika.

"Hapana, Gusti."

Mtu mmoja alikohoa. Wuryani hakuinamisha uso.

"Nitayafikisha. Lakini nikigeuka pale goti litaniuma, na sitaweza kukaa mkekani. Naomba kigoda."

Gusti akainamia mbele. "Na miaka yote ile nilipokuwa nikikuuliza kama goti linakuuma?"

"Lilikuwa likiuma, Gusti."

Bibi mwenye kasri akayatazama magoti yake mwenyewe yaliyokunjwa chini ya batiki, akayashika kwa mikono miwili.

"Menik," alisema taratibu. "Kalete vigoda. Viwili."

Wuryani akakaza mikono kwenye bakuli, akaanza kujongea.