Oska wa Nkatha

Kagwiria na mdogo wake Nkatha walikuwa wasusi pale Kinoru, kila mmoja na saluni yake. Tangu Nkatha aweke tangi la samaki, wateja walimpita Kagwiria mlangoni, wakaenda kusukwa huku wakitazama neoni, visamaki vyenye mstari wa buluu unaong'aa. Wivu ulimnyima Kagwiria raha.

Siku moja alienda kwa muuza samaki, akachagua oska mchanga, samaki wa tangini anayekua mkubwa na kula wenzake.

"Huyo usimchanganye na wadogo," muuzaji alimwonya. "Anayetosha mdomoni mwake humezwa."

Kagwiria alimpelekea mdogo wake oska huyo kama zawadi. Nkatha alifurahi sana.

"Dada yangu ndiye amenipa," aliwaambia wateja, akiuinua mfuko wa samaki juu ya tangi.

Maneno hayo yalimchoma Kagwiria. "Usimtie humo. Atawamaliza wenzake."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nkatha alimtia oska kwenye beseni, akaendelea kusuka bila kumtazama dada yake.

Baada ya wiki moja oska alikuwa na tangi lake, na wateja wa Kagwiria wakawa wanaenda kumwona. Wivu ulimwasha tena, lakini safari hii aliingia kwa mdogo wake, akaomba msamaha. Nkatha alimsogezea kiti.